Intaneti Ikiondoka Msambweni

Baraza la kahawa la Msambweni lina mabenchi mawili na watu ambao hawajawahi kukosa jibu. Lahaula, watu hao! Mbele hukaa Tembo, anayeitwa Mheshimiwa kwa kuwa aliwahi kugombea udiwani akaanguka, na hotuba yake hajaimaliza hadi leo. Ubavuni mwake ni Ramadhani, fundi wa madishi ya televisheni, jina lake la utani Setilaiti. Wa tatu ni dereva wa boda aliyetoka bara; huyo ni Nairobi, ingawa kwao ni Machakos. Mzee Chirau alikuwa mwisho wa benchi, kikombe kimempoea mkononi. Tangu Ijumaa walikuwa na habari moja tu: ile kampuni ya intaneti, yenye madishi meupe juu ya mapaa, ati inafunga virago inaihama Kenya nzima. Chirau alikuwa amechoka kuisikia, na hakuweza kuondoka asije akapitwa na neno la heri.

— Wanaondoka kwa ajili ya chumvi, alisema Setilaiti. Hewa ya bahari inakula mabati, itashindwa kula mawimbi ya intaneti?

— Wacha zako! Mheshimiwa akamkata. Na Garissa kuna bahari gani? Wanahama nchi nzima, yakhe.

— Wazee, hii story ni ya kima wa Diani, akaingia Nairobi. Wametafuna waya, kampuni ika-give up. Niliona mmoja na macho yangu, ako na kipande mdomoni.

— Dishi lina waya wa kufika wapi, we Nairobi?

— Sasa huyo kima alikuwa anakula nini?

Mheshimiwa aliinua mkono kama yuko jukwaani.

— Kiwanda cha sukari kilikuja, kikaondoka. Wa madini wakaja, wakachota mchanga, wakaondoka. Hawa wa hewani ndio wabaya zaidi, hata shimo la kutazama hawatuachii.

— Nyie hamjui, Setilaiti akashusha sauti. Lile dishi halileti kitu. Linavuta. Limeshavuta vyetu vyote, sasa wameshiba.

— Wewe limekuvuta nini?

— Usingizi, wallahi.

Walicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la uvivu. Chirau hakucheka. Binti yake Hanifa alikuwa amerudi kutoka Saudia kwa sababu ya dishi hilo hilo; sasa hukaa chumba cha nyuma na kompyuta, akijibu malalamiko ya wateja wa duka la ng'ambo. Aliporudi, mwanawe alimwita shangazi. Siku hizi humwita mama, na hulala amemshika kanga. Jana Hanifa alitoa pasipoti kabatini, akaipangusa, akasema kwa upole kwamba kampuni ikizima, yeye atarudi kwa mwajiri wake wa zamani. Chirau aliitikia "haya" tu, kisha usiku kucha akageukageuka kitandani.

Pembeni alikuwa amesimama mgeni, Garama, mfugaji wa Kinango aliyeshuka kuuza mbuzi, akingoja gari la kurudi. Alikuwa amewasikiliza kwa adabu hadi kahawa yake ikaisha.

— Samahanini wazee wangu. Huyo mwenye intaneti, mmemwendea?

— Kumwendea vipi?

— Kule kwetu mwenye kinu cha kusaga alitaka kukihamisha. Wazee walimwendea kwake, wakakaa mkekani, wakamsihi. Kinu kipo mpaka leo. Huyu wenu anakaa wapi?

Nairobi alisema iko namba ya simu, lakini anayeongea ni mashine. Setilaiti alitazama juu kidogo, akaona haya, akatazama viatu vyake.

Chirau akaweka kikombe chini.

— Huyo simjui kwake, alisema. Lakini Hanifa wangu naye anataka kuondoka, na kwake nakujua. Jamani, nisindikizeni.

Basi hapo ndipo walipoelewa alikuwa amebeba nini tangu Ijumaa. Waliondoka wote, na njiani Mheshimiwa akapewa usemaji, maana katika kumwendea mtu, mwenye shida hukaa kimya akasemewa.

Hanifa alitoka chumba cha nyuma, vidude vya kusikilizia vikiwa shingoni, mtoto nyuma yake.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

Akawatandikia mkeka. Walivua viatu, wakakaa, na Mheshimiwa, maskini, akakosa hotuba.

— Mwanetu, tumekuja kukusihi. Usiondoke.

Hanifa alimtazama babake. Macho yake yalijaa, na hakuyaficha.

— Ahsanteni. Mara ya kwanza nilipokwenda, hakuna aliyekuja kuniomba nibaki. Na mimi sitaki kwenda. Basi niambieni, wazee wangu, intaneti ikizima nami nikabaki, nitafanya kazi gani?

Mheshimiwa alimtazama Setilaiti. Setilaiti akamtazama Nairobi.

— Semeni tu, alisema Hanifa, naye akakaa nao mkekani, akampakata mtoto. Nawasikiliza.