Kafiya Dahir, Aliyehesabiwa Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, wa Kitengela, wa Isinya, wa Kajiado mjini, wa Bisil mpaka Namanga, na ninyi wa upande wa Rongai mnaotupata vizuri hewa ikiwa safi, nawasalimu. Takwenya. Asalam aleikum. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, hudumia mteja kwanza, tutakungoja.

Leo tunamkumbuka Kafiya Dahir. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mustafe, yule wa duka la magodoro na mazulia hapa Kitengela. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwa shinikizo la damu. Amezikwa Nairobi. Narudia kwa anayefungua redio sasa: Mama Mustafe wa duka la magodoro ametuacha. Aliishi Kajiado zaidi ya nusu ya maisha yake. Hakuzikwa Kajiado. Nitaeleza polepole kwa nini.

Kafiya alizaliwa Wajir. Aliletwa Bisil akiwa bibi harusi. Mumewe, mzee Haibe, alikuwa akinunua mbuzi soko la Bisil na kuwapeleka Nairobi. Kafiya hakujua Kimaasai hata neno. Alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji tu.

Rafiki yake wa kwanza alikuwa Nasieku, mama wa Leshan, aliyeuza maziwa kando ya barabara. Nilimtembelea Mama Nasieku juzi. Aliniambia hivi: "Alikuja na kikombe chake, akaniuliza kama niko na maziwa ya ngamia. Nikamwambia hapa ni ya ng'ombe. Akaonja. Akaniuliza kama huyo ng'ombe ni mgonjwa. Nilikasirika, halafu nikacheka. Kesho yake akarudi na kikombe kile kile."

Kafiya alirudi kila siku. Mwishowe alikuwa anabishana bei kwa Kimaasai vizuri kuliko vijana wa soko. Alimwita Nasieku "Ng'oto Leshan", yaani mama yake Leshan, kama wanavyoitana wanawake wa hapa. Watoto wake wawili, Mustafe na Naimo, wamezaliwa Bisil. Baadaye familia ilihamia Kitengela, ikafungua duka.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa kuna desturi ambayo wengine hawaijui.

Kila miaka kumi nchi yetu inahesabu watu. Watu wengi waliotoka kaskazini mashariki, wanaofanya biashara huku kwetu, sensa ikikaribia hufunga maduka. Hupanda basi kurudi kwao, ili wahesabiwe huko. Wazee wa nyumbani hupiga simu: rudini, tusipotee. Si watu wa kaskazini mashariki peke yao. Lakini leo ninazungumza habari za Mama Mustafe.

Sisemi ni ubaya. Kule kwao maji ni ya shida, na zahanati iko mbali. Watu wakionekana wengi, kisima huchimbwa. Wakionekana wachache, husahauliwa. Mzee Haibe aliamini hivyo kabisa. Sensa ya mwaka wa elfu mbili na tisa, alifunga duka akaichukua familia yote mpaka Wajir. Kafiya alikwenda bila swali. Waliporudi Kitengela, kwenye karatasi za Kajiado hawakuwepo. Duka lipo, watu hawapo.

Miaka michache baadaye mzee Haibe akafariki. Alifariki Kitengela, asubuhi. Kwa Waislamu maiti hailazwi ikiweza kuzikwa. Mahali padogo pa kuzikia walipokuwa wakipatumia palikuwa pamejaa. Ikabidi apelekwe Nairobi, kwenye msongamano wa magari wa siku ya kazi. Walimfikisha jua likiwa linazama, na swala ya jeneza ikaswaliwa haraka.

Naimo, binti yake, ambaye humwita mama yake Hooyo, ananiambia: "Hooyo hakulia siku ile. Alilia Ijumaa iliyofuata. Alitaka kwenda kumsalimu Baba kaburini, akakaa ndani ya gari nusu ya siku, akarudi bila kufika. Akavua viatu mlangoni, akasema, 'Baba yenu amekuwa mtu wa kupanga safari.'"

Hapo ndipo Kafiya alipoanza kuomba ardhi. Hakuomba ya biashara. Aliomba kipande cha makaburi ya Waislamu karibu na Kitengela, mahali ambapo mjane anaweza kwenda kwa miguu.

Alikwenda na wenzake katika ofisi moja. Sitaitaja, maana afisa aliyewapokea aliwasikiliza kwa heshima. Aliwaambia: "Mama, mimi sikatai. Lakini nikipeleka ombi hili juu, nitaulizwa ni la watu wangapi. Hapa inaonyesha mko wachache Kitengela, wachache Kajiado mjini, Bisil karibu hakuna. Mmetawanyika. Niwaambie nini?"

Kafiya akamwambia, "Bisil nimezaa watoto wawili."

Afisa akasema, "Nakuamini, mama. Lakini karatasi haijui."

Alirudi nyumbani akifikiri. Akaelewa kwamba hakuna aliyewaficha. Walijificha wenyewe, kwa kupanda basi.

Basi sensa ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa ilipokaribia, Kafiya aliacha duka kwa Naimo. Akazunguka. Alikwenda Bisil, akaenda Kajiado mjini, akafika mpaka Laiser Hill, kule Rongai, kwa wakwe wa Mustafe. Popote alipopewa chai alisema jambo moja: "Safari hii mlale hapa. Mhesabiwe mnapoishi." Wote walimwambia inshallah. Wengine walimuuliza, "Eeddo, na kwetu tukipoteza kiti cha bunge?" Eeddo ni shangazi, ndivyo walivyomwita kwa heshima. Alikuwa anawajibu, "Kiti ni cha mtu mmoja kukaa. Kaburi kila mmoja wetu atalihitaji." Shemeji yake alimpigia simu kutoka Wajir akamwita msaliti. Akamjibu, "Msaliti anakusalimu, na anakuombea mvua."

Ikabaki wiki moja. Mustafe, mwanawe, anayeishi naye nyumba moja na mke na watoto, akamwambia kwamba kuna harusi Wajir. Mtoto wa binamu anaolewa, hawawezi kukosa. Kafiya alisikitika, lakini harusi ni harusi. Alimfungia mizigo mwenyewe. Alimpa zulia la kumpelekea bibi harusi. Naimo naye wakati huo alikuwa ameshaolewa Mombasa, alikuwa amekuja kusaidia duka tu, akarudi kwa mumewe.

Msichana wa sensa alifika nyumbani kwa Kafiya jioni. Akauliza ni wangapi watakaolala hapa leo. Kafiya alitazama viatu vya wajukuu vilivyopangwa mlangoni. Angeweza kuwataja. Hakuna ambaye angemkatalia. Akasema, "Niandike mimi. Wengine wamesafiri."

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Mwanamke aliyezunguka kaunti hii akiwaomba watu wabaki, alihesabiwa peke yake.

Hesabu ilipotoka, alirudi ofisini. Jibu lilikuwa lile lile: mko wachache, mmetawanyika. Hakubishana. Alimchukua Nasieku, wakaanza tena safari ya chai. Hakuwa na karatasi wala kalamu. Alikuwa anauliza tu, kwa upole, "Siku ya sensa mlilala wapi?"

Mama Nasieku aliniigizia majibu, na alicheka mpaka akajifuta macho. "Bisil, wa duka la kwanza, Wajir. Wa duka la pili, Garissa. Wa tatu, Wajir. Yule wa nguo, Mandera. Nikamwambia Kafiya, kwa hivyo mimi miaka hii yote nanunua sukari kwa watu hawako? Kajiado mjini, hivyo hivyo. Kafiya hakuwa anawagombeza. Anakunywa chai, anashukuru, tunaondoka."

Halafu wakafika Laiser Hill, kwa wakwe wa Mustafe. Mkwe, mama mchangamfu, alimimina chai akasema, "Eeddo, utusamehe. Na sisi tulikwenda. Tulikuwa basi moja na Mustafe wako. Watoto waliimba njia yote."

Kafiya akauliza, "Mlikwenda harusini?"

Yule mama akasema, "Harusi ya nani?"

Hapo Mama Nasieku hakucheka. Ananiambia: "Kafiya alimaliza chai yake yote. Akasifu mandazi. Kwa gari hakuongea mpaka Kitengela. Niliogopa. Nilikuwa nimemjua mtu wa maneno."

Mustafe mwenyewe amenipa ruhusa ya kusema yaliyofuata. Anasema ni afadhali yasikike kwake kuliko kwa majirani. Mama yake aliingia, akamkuta akikunja mazulia dukani. Alikaa juu ya godoro. Akamuuliza, "Ile harusi, bibi harusi alikuwa nani?"

Mustafe akaendelea kukunja zulia.

Akamuuliza tena, "Zulia langu alipewa nani?"

Mustafe akasema, "Alilichukua Adeer." Huyo ndiye baba yake mdogo, yule wa simu. "Hooyo, alisema nisipokuja na watoto, jina la Baba litafutika kule."

Kafiya akasema, "Na hapa, jina la baba yako limeandikwa wapi?" Akainuka, akaenda kuswali. Mustafe anasema mama yake hakuwahi kulitaja tena jambo hilo. Anasema angependa angelitaja. Angependa angemgombeza, hata mbele ya wateja.

Mimi simhukumu Mustafe. Alivutwa na simu ya baba mdogo na chai ya mama, na alidhani anaweza kuridhisha pande zote mbili. Wengi tungefanya hivyo. Na kule Wajir, naambiwa kisima kimechimbwa. Kuna mtoto anayekunywa maji yale. Hilo nalo ni kweli, na Kafiya mwenyewe alikuwa akilisema kwa furaha.

Miaka ikaenda. Alizeeka, miguu ikavimba, akaacha kuzunguka. Watu wakawa wanakuja kwake. Mtu akija kununua godoro, alimuuliza anaishi wapi, na kama analala huko huko. Wateja walidhani ni utani wa mwenye duka.

Mwaka jana, Mama Nasieku alimwona amedhoofika. Akamwambia, "Niko na shamba Bisil. Ukienda, nitaongea na Leshan, utalala kwangu." Ninyi mnaojua habari za makaburi na ardhi kwa Wamaasai mnaelewa kwamba kumpa mtu wa nje kaburi katika ardhi ya familia si neno dogo. Leshan alikuwa amekubali.

Kafiya akamshika mkono. Akamwambia, "Ng'oto Leshan, Mungu akuzidishie. Lakini kwako nitakuwa mgeni mmoja, na Leshan akiuza shamba atauza na mimi. Nataka mahali petu, tuwe wengi, watu wakipita waseme, kumbe hawa walikuwa wanaishi hapa." Nasieku akamuuliza, "Na kama hapatapatikana?" Akasema, "Basi nitamfuata Haibe. Angalau yeye namjua."

Hapakupatikana. Jumanne ya wiki iliyopita alfajiri, Kafiya Dahir aliaga dunia. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameoshwa na kuvikwa sanda. Walikuja watu kutoka Bisil, kutoka Kajiado mjini, kutoka Laiser Hill. Walijaza uwanja wa msikiti mpaka barabarani, wengine walipanga viatu vyao juu ya ukuta wa jirani. Yule afisa wa ofisi alikuwepo, siku hizi amestaafu. Alisimama kando ya lango, akitazama watu wakizidi kuja. Nilimsikia akisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Hawa wote wako huku?"

Wako huku. Walikuwepo siku zote.

Gari lilipowashwa kuelekea Nairobi, Mama Nasieku alikuwa amesimama kando ya barabara na kikombe mkononi. Alikuwa amekuja nacho kutoka Bisil. Alisema, "Haya. Wamemtoa Kajiado."

Jana nilikwenda dukani kwao. Magodoro yalikuwa yamefunikwa. Nilimuuliza Mustafe kama ombi la ardhi litaendelea. Akasema litaendelea, naye ndiye atalipeleka. Nikamuuliza kuhusu sensa ijayo, na simu za nyumbani. Akajibu, "Zitapigwa, na nitazipokea. Nitawasalimu na kuwaombea mvua. Sisi tutakuwa hapa." Akatazama mlangoni, pale panapowekwa viatu. "Mara ile alihesabiwa yeye, sisi hatukuwepo. Mara hii tutahesabiwa sote, yeye hayupo."

Kwa Mustafe, kwa Naimo kule Mombasa, kwa wajukuu, kwa jamaa wa Wajir, na kwako Mama Nasieku wa Bisil, tunawapa pole sote wa kituo hiki. Mungu amlaze mahali pema Kafiya Dahir, Mama Mustafe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjarudi kwenye shughuli zenu, nawaachia kazi ndogo. Leo mkikaa kula, ulizaneni: mmoja wetu akituacha kesho, tutampeleka wapi? Na kama jibu ni mbali, jiulizeni ni nani anayejua kwamba mnaishi hapa.