Nilimwita Mtu wa Chai

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye furaha, na asifiwe pia na mimi ninayesimama mbele yenu na aibu yangu.

Kwa wageni, mimi ni dada yenu Nyokabi. Naishi Ngoingwa na kazi yangu ni usanifu majengo, yaani mimi ndiye wa kuchora nyumba kabla fundi hajaanza kuijenga. Ninyi wa zamani mnanijua. Mnakumbuka nilisimama hapa hapa nikiwa na barua mkononi, nikasema Mungu amenitendea makuu. Mlipiga makofi, kina mama wakanikumbatia. Leo nimekuja kuwaambia kwamba ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Barua yenyewe ilikuwa halisi kabisa, lakini ushuhuda ulikuwa wa uongo! Nivumilieni niwaeleze.

Nilipotoka chuo kikuu nilitumwa kusimamia ujenzi kule Ruiru. Mafundi walinicheka. Mwanamke, tena mwembamba hivi, amebeba michoro kwapani! Aliyewanyamazisha ni fundi mkuu wao, Mzee Kamotho wa Kalimoni. Mzee aliacha shule darasa la nne, lakini alikuwa amejenga tangu ujana wake, na hakuna ardhi ya pande zetu ambayo hakuijua. Siku yangu ya kwanza aliniita kando, akachota udongo mweusi, akaumwagia maji kidogo, akaufinya.

"Mwarĩ wakwa," akaniambia, maana alizoea kuniita hivyo, binti yangu, "huu udongo utakutoa machozi. Kiangazi unapasuka hadi unaingiza mguu. Mvua ikija unavimba kama unga wa mandazi. Ukiweka nyumba juu yake, udongo utaiinua nyumba yote."

Ndugu zangu, vitu vingi ninavyojua kuhusu ardhi nilivijua kwa mkono wa yule mzee. Chuoni nilifundishwa kuchora. Yeye alinifundisha nyumba inasimama juu ya nini.

Basi miaka ikapita. Tukaingia miaka ya tisini, na bodi yetu ya wasanifu ikaanza kutaka kila msanifu aendelee kusoma hata kama alihitimu zamani. Masomo yote yalikuwa Nairobi. Sisi wa Thika na Ruiru tulikuwa tunapoteza siku nzima kwa somo la saa mbili. Nikapata wazo: kwa nini nisifungue darasa hapa Thika, kila Jumamosi asubuhi? Nikakodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Lakini ili darasa lako litambuliwe, ni lazima upate kibali cha bodi. Walitaka masomo yaliyoandikwa vizuri, na mwalimu mwenye shahada. Walitaka pia kutuma watu wao waje waketi wasikilize.

Nikaenda Kalimoni kwa Mzee Kamotho. Alikuwa amestaafu. Nikamwambia, "Baba, nataka tuandike somo la udongo mweusi. Nairobi hawana somo kama hilo."

Akacheka. "Mimi nifundishe wasanifu?"

"Wewe useme, mimi niandike."

Miezi tisa, ndugu zangu! Kila Jumamosi alikuja Thika amevaa koti lake la kijivu, amebeba udongo kwenye mikebe, kila mkebe udongo wa mahali pake. Alisema, nikaandika na kuchora. Hakuniomba kitu isipokuwa kimoja. Alisema, "Jina langu liwe pale mbele ya kitabu. Nataka Muthoni alione." Muthoni ni binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Nikamwahidi. Nikampa mkono kabisa.

Halafu fomu za bodi zikafika. Zikauliza: aliyetayarisha masomo ni nani, ana shahada gani, amesajiliwa namba gani. Niliketi na ile fomu. Nikaona nikiandika darasa la nne watanirudishia. Ningeweza kuwapigia simu niwaulize. Ningeweza kuandika majina mawili na kueleza. Sikujaribu hata! Nikaandika jina langu peke yangu. Na si hilo tu. Mzee alikuwa amesema, chimba mpaka udongo mweusi uishe ukutane na ardhi ngumu, usiulize ni futi ngapi, uliza mkono wako. Mimi nikaona maneno hayo hayana usomi. Nikayafuta, nikaandika: chimba futi nne.

Jumamosi ya wageni ikafika. Walikuja watu watatu kutoka Nairobi, wamevaa suti. Mzee naye alikuja, maana hakujua lolote. Aliketi nyuma na mikebe yake akingoja nimwite mbele. Mmoja wa wageni akageuka akamwona.

"Na huyu mzee ni nani?"

Ndugu zangu, nimeomba neema ya kuyarudia maneno haya mbele yenu. Nilisema, "Huyo ni mtu wetu wa chai. Anatusaidia pia kupanga viti."

Mzee alisikia. Chumba kilikuwa kidogo, angekosaje kusikia? Alinitazama mara moja tu. Kisha akainuka, akaenda kwenye meza ya pembeni, akachukua chupa ya chai, akawamiminia wageni. Mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kwa heshima. Mimi pia alinimiminia. Na mimi nikapokea, nikanywa! Alipomaliza akavaa kofia yake, akateremka ngazi. Mikebe aliiacha pale.

Kibali kikaja. Ndiyo barua niliyowaonyesha siku ile hapa kanisani. Niliitia kwenye fremu. Wasanifu walikuja kutoka Thika, Juja, hata Ruiru. Watu waliniita Madam. Kila nilipotaka kwenda Kalimoni nilijiambia, wiki ijayo. Mwaka ukapita, wa pili nao ukapita. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, nilikuwa kwenye kamati ya akina mama, na moyo wangu ulikuwa mzito kama zege bichi.

Halafu ukaja ule mwaka wa mvua nyingi kupita kiasi. Siku moja Bwana Kimani, msanifu wa Ruiru aliyesoma kwangu, alikuja ofisini akiwa na matope hadi magotini. Hakuketi.

"Madam, ile nyumba niliyomchorea Mama Njeri kule Witeithie imeinuka."

"Imeinuka vipi?"

"Sakafu imevimba, kuta zimepasuka. Leo asubuhi mlango ulikataa kufunguka watoto wakiwa ndani. Majirani wamevunja dirisha. Mama Njeri amekatwa na kioo akiwatoa." Kisha akasema, "Nilifuata vile uliandika. Nilichimba futi nne."

Pale Witeithie udongo mweusi ulishuka hadi futi saba. Futi nne zilitoka kichwani mwangu, mimi niliyetaka kuonekana msomi!

Watoto walikuwa salama, namshukuru Mungu. Lakini Mama Njeri ni mshonaji. Kile kioo kilikata mshipa wa mkono wa kulia, na hadi leo vidole viwili havikunjiki. Nilimwona hospitalini. Alinishukuru kwa kufika, maana hakujua mimi ni nani katika jambo lile. Alinishukuru! Nilitoka bila kumwambia ukweli.

Mngedhani nilienda Kalimoni siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilikaa siku kumi na tisa. Kila siku nilipekua vitabu vyangu nikitafuta jinsi ya kuiokoa ile nyumba, na kila siku nilijua kwamba mtu anayejua yuko karibu, na ninajua njia ya kwake. Aibu ilinifunga, ndugu zangu. Msidhani kifungo ni pombe na uchawi tu. Kuna watu wamefungwa na fremu iliyo ukutani kwao.

Jumamosi moja nikiwa darasani, Kimani aliinua mkono mbele ya wote. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Madam, naomba kuuliza. Nani alisema futi nne?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni utafiti. Wangeamini! Lakini Bwana alinishika pale pale. Nilifungua kinywa nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi. Aliyefundisha somo hili hakusema futi nne. Somo si langu. Ni la Mzee Kamotho, na mimi nilimwambia mtu kwamba ni mtu wa chai." Nikafunga kitabu. Nikawaacha wameketi, nikaenda Kalimoni.

Muthoni alinifungulia mlango. Hakunipa mkono. Mzee alikuwa barazani akichambua maharagwe, amekonda, kifua kinamsumbua. Nilipiga magoti nikaanza kulia.

"Inuka," akasema. "Nimesikia kuna nyumba Witeithie. Maji ya paa yanaanguka wapi?"

"Baba, mimi nimekuja kwanza—"

"Nyumba kwanza. Ina watoto. Maji yanaanguka wapi?"

Nikamwambia. Akauliza kuta zimepasuka kwenda upande gani, na kama kuna mti karibu. Alipomaliza ndipo akaniruhusu niseme langu. Nilisema yote. Akarudia kuchambua maharagwe yake.

"Kumimina chai si aibu," akasema mwishowe. "Nimemimina chai maisha yangu yote. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikijiuliza kama tangu Ruiru ulikuwa unaniona hivyo, na mimi ndiye sikujua."

"Hapana, Baba! Hapana!"

"Nimekusamehe, mwarĩ wakwa. Nilikusamehe zamani ili nipate kulala. Lakini darasani sirudi." Akageuka kwa Muthoni. "Niletee koti. Witeithie nitaenda."

Muthoni alikataa, akasema kifua hakitaweza. Mzee alikwenda. Kwa siku nne aliketi kwenye kiti uani kwa Mama Njeri, amejifunga blanketi, akiwaelekeza Kimani na mafundi. Waliichimba ile sakafu yote wakaondoa udongo mweusi. Chini ya kuta walichimba kipande kwa kipande, wakijaza zege kabla ya kwenda mbele, na maji ya paa wakayapeleka mbali na nyumba. Ile nyumba imesimama mpaka leo.

Mimi niliwaandikia bodi. Niliwaeleza kila kitu, pamoja na ile chai. Walininyang'anya kibali, na walikuwa na haki. Chumba nikakifunga. Wako wasanifu ambao hadi leo tukikutana mjini wanavuka barabara. Lakini ndugu zangu, jioni ile nilipotuma ile barua, nilishukuru kwa chakula na maneno yakatoka! Nilikuwa nimesahau ilivyo, kumwomba Mungu bila kujificha. Kifungo kilikatika. Bwana alinifungua!

Baadaye bodi waliniita. Waliuliza maswali mengi, wakamwita na Kimani. Mwisho wakasema fundi mwenye ujuzi anaweza kuandikwa kama mtayarishaji wa somo, ilitosha kueleza. Ilitosha kueleza tu! Nikaandika fomu upya, jina la Kamotho likiwa la kwanza. Barua ya kibali ilikuja mwezi wa baridi. Mzee alikuwa amezikwa wiki tatu kabla yake.

Nilimpelekea Muthoni. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaikunja polepole.

"Asante kwa kuileta," akasema. "Lakini si mimi niliyepaswa kuisoma kwanza."

Na ni kweli. Nimesamehewa, ninajua nimesamehewa, na Damu ya Yesu haikosi nguvu. Lakini msamaha haukumrudisha Mzee mbele ya lile darasa, wala haukukunja vidole vya Mama Njeri. Nilimweleza yote, na huwa namtembelea. Anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto.

Namshukuru Mungu aliyenishika kabla sijasema uongo wa pili. Namshukuru kwa siku zile nne za Witeithie. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ambaye umelificha jina lake ili lako lionekane, Mungu ninayemtumaini mimi anaweza kukubeba hadi mlangoni kwake. Usiogope atakachokuambia. Ogopa kufika na kukuta kiti kitupu. Usingoje hata tumalize ibada. Inuka sasa, nenda. Hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi, na sisi tutabaki hapa tukikuombea.

Amina.