Thuzar Anafundishwa Kujisifu

Kahawa ya kibandani kwa Mak Som hapa Penang, Malaysia, ni nyeusi mpaka nzi akitua humo haonekani tena, na benchi lake limebeba fiksi ambazo lori lingezikataa. Asubuhi hiyo Kapteni, mfanyakazi wa zamani wa feri, alikuwa ameshasimulia kwa mara ya elfu alivyoshika usukani peke yake kwenye dhoruba, mawimbi yakiruka juu ya minara. Pembeni yake, Selvam Mizizi, muuza mitishamba. Katikati, Thuzar, mtengeneza programu za kompyuta kutoka Burma, mpangaji wa ghorofani, uso umemshuka. Intavyuu ya kazi ilikuwa saa nne. Akikosa na hii, kibali cha kuishi hapa kinaisha, anarudi alikokimbia.

— Kote wamekukataa, mwanangu. Kwani huwa unawaambia nini? Kapteni akauliza.

— Kwamba tulitengeneza programu ya hospitali, anko. Inafanya kazi kiasi.

— Kiasi! Iliua mgonjwa?

— Hapana, anko! Haijawahi hata kugoma.

— Sasa?

— Kwetu mtu hajitangazi. Ni aibu.

— Aibu itakupa kibali? Sema: mimi, peke yangu! Kompyuta zikiniona zinajiwasha!

— Ongeza, Selvam akadakia, umeme ulikatika mji mzima, ukaendesha hospitali kwa kichwa.

— Na upasuaji ukafanya!

— Kwa mkono mmoja, huku unanyonyesha!

— Sina mtoto, anko.

— Azima!

Mak Som akacheka nusura amwage birika. Thuzar alikuwa anazungusha kikombe tu.

— Sehemu ya vitanda aliandika Htet. Maabara, Su Myat. Mimi, dawa. Wenzangu wamebaki kule. Nikisema peke yangu, hao nitakuwa nimewaweka wapi?

Selvam akatazama ndala zake. Kapteni akanywa kahawa mpaka machicha.

— Ule usukani... mwenzangu wa feri, Ah Teik, alishika upande wa pili. Mat Desa alikuwa anatuombea huku anatapika. Lakini mkono wangu ulikuwepo, mwanangu. Na wewe wako usiufiche.

Thuzar akakaa sawa.

— Sehemu ya dawa niliandika mimi. Vitanda Htet, maabara Su Myat. Yangu haijawahi kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake.

— Rudia. Toa sauti!

Akarudia, mpaka muuza samaki wa ng'ambo ya barabara akageuka. Akabeba begi lake, akaenda kuwahi basi.

— Mmemwona? Kapteni akajipiga kifua. Nimemfundisha mimi yule!

Selvam akakohoa.

— Haya bwana, Kapteni akajirekebisha. Sisi.