Mawe ya Bahari ya Mzee Naftaly Gichuru wa Bahati

Wapendwa waombolezaji, kabla ya kusoma maisha ya Mzee Naftaly Gichuru, familia inakiri kwamba kuna jambo moja ambalo halikutufumbukia kwa miaka yote tuliyoishi naye, nalo ni hili: kwa nini mtu aliyelazimishwa kukata mawe ya matumbawe kwa miaka minne, chini ya mtutu wa bunduki, aliporuhusiwa kurudi na furushi moja tu, alilijaza mawe hayo hayo. Wengi wenu mmeyaona yamepangwa nje ya nyumba yake hapa Bahati, na tangu alipofariki watoto wake wamevutana kuhusu mawe hayo, Waruguru akitaka yahifadhiwe, Kabiru akitaka yatupwe, hata ikabidi mama yao, Wacuka, aombwe kuamua kabla ya siku ya leo.

Marehemu alizaliwa mwaka 1924 huko Kangema, Murang'a, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza uashi kwa mjomba wake, na mwaka 1946 akaja Nairobi kufanya kazi hiyo. Tarehe 24 Aprili 1954, siku ya msako mkubwa wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, alikamatwa akiwa na mwiko mkononi, akapelekwa kambi ya Manyani, na mwaka uliofuata akahamishiwa kambi ya kizuizini katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Pwani, alikokata mawe mpaka alipoachiliwa tarehe 3 Novemba 1959, akakuta mashamba ya kwao yamepimwa upya na yeye hana hata kipande, ndiyo sababu leo tunamzika katika makaburi ya jiji, Lang'ata.

Alifunga ndoa na Wacuka tarehe 12 Machi 1960, na wiki ya kwanza ya ndoa bibi harusi alilivuta furushi lililokuwa chini ya kitanda, akidhani ni nguo za kufua, akalia kwa mshangao, "Baba, hii ni nini, umeniletea kokoto?" Walijaliwa watoto watatu, Waruguru mwaka 1961, Kabiru mwaka 1964 na Warigia mwaka 1969.

Kuanzia mwaka 1960 hadi alipostaafu mwaka 1979 alikuwa fundi mwashi wa Baraza la Jiji, akikarabati kuta za mitaa hii yetu, na kila Jumamosi alasiri alikwenda maktaba ya Kaloleni, ambako alisoma, polepole na kamusi pembeni, kwamba kila jiwe alilolikata lilikuwa nyumba ya wanyama wadogo wasiohesabika, waliojenga mmoja juu ya mwingine wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, miaka zaidi ya laki moja iliyopita. Hapo akataka kujua ni nani waliojenga kabla yao, na kabla ya hao.

Waliokulia hapa miaka ya sabini wanaukumbuka ule mstari wake wa mawe kando ya ukuta wa nyumba, uliopangwa kwa umri. Wajenzi wa kale kabisa, sponji na matumbawe ya aina zilizokwisha kutoweka, hakuweza kuwapata, kwa hiyo aliwafinyanga kwa saruji akiangalia picha za vitabuni. Baada yao aliacha nafasi tupu ya hatua moja na nusu, mahali pa ule wakati, yapata miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita, ambapo karibu uhai wote wa baharini uliangamia, na bahari ikakaa mamilioni ya miaka bila miamba ya matumbawe. Kisha likaja jiwe kutoka vilima vya Kambe huko Pwani, lenye matumbawe ya aina mpya, ambalo jirani yetu Mativo alilileta kwa lori mwaka 1971, kisha chaza wa saruji wenye umbo la pembe, waliowahi kujenga miamba yao wenyewe kabla ya kutoweka, na mwishoni mawe ya kisiwani. Jioni watoto walipopita wakienda bombani walimtania, "Niaje, Mzee Bahari, maji yamefika wapi leo?" naye akajibu, "Yamefika kwenu, kamwambie mamako ainue godoro."

Desemba 1982, siku ya ruracio, yaani ya kupokea mahari ya Waruguru, akina mama wa kanisa waliokuja kusaidia waliona lile pengo linatia aibu mbele ya wageni, wakapaka mstari wote chokaa na kujaza pengo kwa mikebe ya maua. Marehemu akasema, "Mama Waruguru, pale kila kitu kimekufa, nanyi mmepanda maua," na Wacuka akamjibu, "Kwani kufa mpaka lini? Si umesema bahari ilirudi?" Marehemu alicheka hadi akakaa chini, na mwezi mzima akayasugua mawe kwa maji na mswaki kuondoa chokaa.

Mwaka 1984 kifua chake kilianza kumsumbua, madaktari wakataja vumbi la mawe, na Kabiru, aliyembeba mgongoni kwenda kliniki, akasema maneno ambayo hakuna anayemlaumu kwayo: "Haya mawe yamemla mara mbili." Kuhusu kambi ile marehemu hakuwahi kuwasimulia watoto wake neno. Alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 14 Agosti 1986, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi yake, majirani, hasa Mativo na mama Adhiambo aliyetupikia siku zote hizi, na mafundi wenzake wa Baraza la Jiji.

Kuhusu mawe, Jumanne Wacuka aliwaketisha watoto wake, akaamua kwamba yaende shule ya msingi anakofundisha Waruguru. Kabiru alikubali kwa sharti moja, kwamba watoto waambiwe yalikotoka, na mama yake akasema, "Basi andika wewe." Jana Kabiru, ambaye kazi yake ni kuandika mabango, aliyapeleka kwa mkokoteni, safari nne, akapigilia karibu na mawe ya kisiwani ubao aliouandika kwa mkono wake: "Yalikatwa na Naftaly Gichuru akiwa kizuizini, 1955 hadi 1959."

Lala salama, baba yetu, upumzike.