Tangi Alilolikosea Bibi Mistari

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imempa mpwa wa marehemu karatasi hii aisome, naye anaomba radhi mapema, kwani hawezi kumwita shangazi yake kwa jina jingine ila lile mlilolizoea wote, Bibi Mistari.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1962, na tarehe 3 Februari 1964 akaajiriwa kufagia karakana ya rangi, ambako alimkuta fundi akichora mstari kwenye tangi la pikipiki kwa brashi ya nywele ndefu, bila rula, pumzi kaibana, naye akasimama na ufagio mkononi mpaka akafokewa, na tangu hapo akaanza kujifunza kazi hiyo.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa watoto watatu, na kwa karibu miaka hamsini wenye pikipiki za zamani walimletea matangi awaambie kama mistari ni ile ya awali ya mkono au imerudiwa, naye alipitisha ukucha taratibu akitafuta ukingo mkali unaoachwa na tepu ya kunyooshea rangi, kisha akainamia pale brashi ilipoinuliwa, akakueleza mchoraji alisimama upande gani na alichoka wapi. Tulishangaa, na mpaka leo tunashangaa.

Hili linalofuata watoto walitaka liachwe, lakini mwenyewe aliagiza lisomwe. Agosti 1988 alimwambia dereva mmoja kwamba mistari ya tangi lake si ya awali, kwa kuwa ilichorwa kinyumenyume, dereva akaikwangua yote, na wiki mbili baadaye Bibi Mistari akapata habari kuwa katika kiwanda kilichounda pikipiki ile kulikuwa na mchoraji mmoja mashoto, aliyechora kwa mkono wa kushoto, hivyo mistari ile ilikuwa ya awali. Alimfuata dereva kwa miguu akakiri kosa, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na dereva hakumsemesha tena miaka thelathini na mitano.

Mwaka 2019 presha ya macho ilimpofusha, na Novemba 2023 figo zikalegea. Tarehe 21 Januari 2024 dereva yule, sasa mzee, aliingia wodini na tangi jingine ndani ya blanketi, akampakatisha, akasema wanawe wanataka lipakwe upya na yeye hamwamini mwingine. Bibi Mistari alilipapasa kwa muda mrefu, kisha akasema ni yule yule mashoto, lisiguswe. Mzee alilia waziwazi.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na mzee huyu dereva, ambaye tangu juzi analala matangani, na leo tumemkalisha hapa mbele, pamoja na wafiwa.

Pumzika kwa amani, shangazi.