Mwalimu Warda na Darasa la Dunguni

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kibiti mjini, Umwe, Mbwara, na nyinyi wa visiwani mnaotusikiliza huku mikono iko kazini, amani iwe kwenu. Leo hatuanzi na muziki. Familia imeomba hivyo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Warda Mshamu, mwalimu wa Kiingereza, aliyefariki dunia Alhamisi iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amezikwa Mtawanya baada ya swala ya Ijumaa. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mwalimu Warda Mshamu ametutoka.

Sasa tusidanganyane. Msibani mtu mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mpole. Mumewe, fundi cherehani Nurdini, macho yakiwa bado mekundu, alishindwa kujizuia akacheka. "Mke wangu mpole?" aliuliza. "Labda mmezika mwingine." Msiba mzima ukacheka naye, kisha ukalia upya.

Mwalimu Warda alikuwa mbishi. Akishika lake, ameshika. Alizaliwa Umwe, binti wa wakulima wa mpunga, akasomea ualimu, akapangiwa shule moja ya sekondari kando ya bonde la Rufiji. Huko ndiko alikokutana na vita vyake.

Mnajua wenyewe mpunga unapotoa masuke. Familia nzima inahamia bondeni. Inaishi dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe wasiwafikie watu. Kazi ya watoto ni kuamia, yaani kukaa juu ya dungu kutwa nzima, kupiga kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo ili ndege wasitue. Ndege wakiachiwa, mwaka huo nyumba hiyo haina chakula. Kwa hiyo msimu ukifika, madarasa yanabaki matupu.

Mwaka wake wa pili pale, Mwalimu Warda alikuwa anahangaika na vile vineno vidogo vya Kiingereza, "to" na "at", "in" na "on". Vidogo, lakini vinatutoa jasho. Ukisema "shout to" una maana moja, ukisema "shout at" umesema jambo jingine kabisa. Kitabu kilikuwa na picha ya watu wawili kwenye kituo cha treni. Wanafunzi walikariri jioni, asubuhi hawana kitu. Kisha msimu ukaja, hata hao wa kukariri wakaondoka. Aliyemuuma zaidi ni Kudra, binti aliyekuwa anaongoza darasa la kidato cha nne. Mwalimu Warda akafunga kitabu, akapanda baiskeli, akateremka bondeni kumtafuta.

Kudra leo ana duka la dawa Kibiti. Ametusimulia siku hiyo. Mwalimu alifika chini ya dungu lao ndala moja ikiwa imemezwa na matope. Baba yake Kudra, mzee Idrisa, alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, baba Kudra. Nimemfuata mwanafunzi wangu."

"Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako yuko kazini. Hawa ndege miye nitawaambia kuna shule?"

"Basi nipishe na miye nipande."

"Upande wapi, mwalimu? Na baibui lako hilo?"

Mwalimu Warda alikunja baibui, akalifunga kiunoni, akapanda ngazi. Akakaa. Kundi la ndege likaja. Kudra akapiga yowe, akazungusha kombeo, ndege wakatawanyika. Kisha akamwita jirani yake wa dungu la pili, kijana Ashrafu, kumwonya kwamba kundi linakwenda kwake. Mwalimu Warda akamshika mkono.

"Umepiga kelele mara mbili," alimwambia. "Ya kwanza umewafokea ndege. Hiyo ni 'at'. Ya pili umemwita mwenzio asikie. Hiyo ni 'to'. Haya, sema."

Kudra anasema alilisema mara moja na halijamtoka mpaka leo. Ukimrushia Ashrafu muhogo audake, ni "throw to". Ukimrushia ndege donge limpige, ni "throw at". Ukifika dunguni saa uliyoagizwa na baba, umefika "on time". Ukifika kabla ndege hawajala, umefika "in time", na baba hana ugomvi na wewe hata kama umechelewa. Basi kila mchana, akishamaliza vipindi vya shule, Mwalimu Warda akawa anakwenda bondeni. Watoto wakawafukuza ndege kwa Kiingereza, dungu moja likiuliza, la pili likijibu. Mzee Idrisa alikiri kwamba ndege walikimbia vilevile.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo tatizo lilipoanza. Mkuu wa shule hakupendezwa. Kwake yeye, mtoto asiyekuwa kwenye dawati ni mtoro, na mtoro wa muda mrefu anafutwa shule. Akifutwa, hafanyi mtihani wa kidato cha nne. Kudra alikuwa anafutwa. Ashrafu alikuwa anafutwa. Watoto wote wa madunguni walikuwa wanafutwa, na mtihani ulikuwa karibu.

Kikaitwa kikao cha wazazi. Mkuu wa shule akasema sheria ni sheria. Wazazi wakainamisha vichwa, maana wengi wao walishafutwa hivyohivyo utotoni mwao wakazoea. Mwalimu Warda akasimama bila kupewa nafasi.

"Mtoro ni anayekimbia," alisema. "Hawa hawakukimbia. Najua kila mmoja yuko dungu gani. Nimepanda ngazi zao, nimekula muhogo wao, nimewafundisha. Mwalimu yupo, mwanafunzi yupo, somo lipo. Kinachokosekana ni dawati. Sasa mkuu, unamfuta mtoto kwa sababu ya mbao?"

"Mwalimu Warda, kaa chini."

"Sikai. Ukiwafuta hawa, nifute na miye. Nilikuwa dunguni pamoja nao."

Ndipo mzee Idrisa, ambaye hakuwahi kuzungumza kwenye kikao cha shule maisha yake yote, akasimama naye. "Na siye hatukai," alisema. Wazazi wakainuka mmoja baada ya mwingine. Kikao kikavunjika watu wakiwa wamesimama.

Majina hayakufutwa. Watoto wa madunguni walifanya mtihani. Kudra alifaulu. Ashrafu alianguka, na leo ni fundi wa injini za boti huko visiwani. Tulimuuliza kama juhudi zile zilipotea bure kwake. Alikasirika. "Nilianguka ndani ya chumba cha mtihani, nikiwa na kalamu mkononi," alisema. "Baba yangu hata mlango wa chumba hicho hakuuona."

Mwalimu Warda alilipia. Mwaka uliofuata alihamishwa, akapelekwa Mtawanya, mbali na bonde, ili atulie. Hakutulia. Kila msimu, Jumamosi na Jumapili, alipanda bodaboda akarudi madunguni. "Nilioa mwalimu," Nurdini anasema, "lakini ndoo za kufulia matope nilizibeba miye." Tulimuuliza kama aliwahi kumkataza. Akatuuliza kama kweli tulimjua mkewe.

Kwa Nurdini, kwa dada wa marehemu, Mwanaharusi, na kwa ukoo wote wa Mshamu: poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe kauli thabiti.

Kwa kawaida tungeishia kwenye pole. Lakini tulipokwenda Mtawanya kuhani, bi Mwanaharusi hakuturuhusu tuishie hapo, na hatutamwangusha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi: "Pole zenu tumezipokea. Hazitoshi. Mpunga umetoa masuke, watoto wameshapanda madunguni, na huko shuleni nasikia wameanza tena kusema habari za kuwafuta. Dada yangu yuko kaburini. Mwalimu anayetaka kumlilia, asije hapa kukalia mkeka wangu. Aende bondeni."

Walimu mnaotusikiliza, wa Kibiti na wa Rufiji, mnajijua. Jumamosi ni keshokutwa. Nani anakwenda?