Gitaa la Kupeleka Wodini

Mwanamume aliyeketi mbele yangu basini alikuwa amepakata gitaa ndani ya mfuko wa turubai. Kwa mazungumzo yake na mwanamke aliyekaa kando yake nilielewa kwamba aliwahi kupiga besi katika bendi ya roki nzito, ya zile nyimbo ndefu za kuzungusha kichwa, na kwamba mwanamke huyo ni dada wa mpiga gitaa wao, ambaye sasa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

“Dada, niruhusu nimwone kidogo tu. Tumepata onyesho, na bila yeye hakuna bendi.”

“Mlipokuwa mkijaza viwanja mlimwita jabali. Alipoanza kusemezana na kuta, akawa mzigo.”

“Vile vidonge vya kulevya tulivimeza sote.”

“Mlivimeza nyote. Nyinyi mkarudi.”

Bwana yule akaifunga zipu ya mfuko, ambayo tayari ilikuwa imefungwa. “Akiligusa gitaa lake atatukumbuka.”

“Juzi muuguzi alifungulia redio, ukapigwa wimbo wenu. Kaka yangu aliusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, ‘Huyo mpiga gitaa amechoka, mwambieni akalale.’”

“Hakujitambua?”

“Alimwonea huruma.”

Kondakta akatangaza hospitali. Walisimama pamoja. Dada aliushika mkanda wa mfuko, na yule bwana hakuuachia. Basi liliposimama waliteremka hivyo hivyo, kila mmoja akilivuta gitaa upande wake, polepole, kama watu waliobeba mgonjwa.